Kapu la afya la 35,000 kwa wiki: nililipia mara sita, ya saba tukaenda soko la Ilala

Niseme kwanza kilichonifikisha huko, maana mimi si mtu wa stroberi.

Ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma hapa Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa 19 huu. Muda wote huo mchana wangu ulikuwa wali maharage wa mama lishe wa jirani na karakana, sahani ya mlima, na soda baridi ya kusukumia. Mwezi wa tatu nikaenda kupima macho, nikidhani mwanga wa kuchomelea umeshaanza kunidai. Wakanipima na sukari. Nikatoka na dawa, na karatasi moja yenye picha ya sahani.

Sahani yenyewe imegawanywa: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo maharage au samaki au kuku. Chini yake maandishi. Mboga na matunda zisipungue gramu 400 kwa mtu mzima kwa siku. Chumvi ya siku nzima isivuke kijiko kimoja cha chai. Dona badala ya sembe. Sukari, hapo nilishajua. Binti wa lishe alinieleza kwa upole sana, akanihesabia makundi sita ya vyakula kwa vidole, nafaka na mizizi na ndizi za kupika, kunde na karanga na mbegu, vya asili ya wanyama, mboga, matunda, mafuta mazuri. Akamalizia, "Baba, vyote hivi vinapatikana sokoni." Sikubisha. Hata kiwanja Masaki kinapatikana.

Jioni ile ile simu ikaniletea tangazo la kapu. Unajua simu zilivyo, ukiumwa zinajua kabla ya shemeji zako. Kapu la mboga na matunda "kwa kufuata ushauri wa wataalamu", linaletwa mlangoni kila Jumamosi, 35,000, linatosha watu wawili hadi wanne, unalipa kabla. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina ugomvi nao kidogo na sitaki kuitwa popote. Nikalipa. Mama watoto sikumwambia, nilitaka iwe sapraizi. Kosa la kwanza.

Jumamosi boda akaleta. Kijana mstaarabu kweli, alipiga simu kabla, akavua helmeti ndipo akabisha hodi. Ndani ya kapu kulikuwa na brokoli moja, zukini tatu, letusi mbili, seleri, karoti, hoho za rangi tatu kama taa za barabarani, maparachichi matatu, tofaa nne zenye stika ya Afrika Kusini, kikopo cha stroberi, kipakiti cha mbegu za chia, na mayai sita ya kienyeji. Na kadi ya mapishi.

Mke wangu alitoa kimoja kimoja akapanga mezani kama askari anayepanga vielelezo. Akafika kwenye seleri, akainusa, akaniangalia.

"Hili jani umeletewa wewe au sungura?"

Kadi ya mapishi ilitaka oveni na mafuta ya zeituni. Sisi tuna jiko la mkaa na mtungi wa gesi wa kilo sita ambao unatumika kwa chai na dharura. Zukini akazikaanga na kitunguu na nyanya. Mdogo wetu, ana miaka minane, akasema hilo ni tango lililochemshwa kwa bahati mbaya. Brokoli walikula, nisiseme uongo. Karoti zilikuwa tamu, tamu kweli, nyembamba na kavu, siyo zile zenye maji. Na mayai yalikuwa ya kienyeji hasa, kiini cha njano nzito. Kwa usafi na ubora nawapa haki yao. Kuna hoja nyingine wanayo: mboga zao wanakwambia zimetoka shamba gani, Lushoto. Hapa mjini mtu akinunua mchicha hajui kama umemwagiliwa maji ya bomba au maji machafu ya mto Msimbazi, na hilo si dogo. Mke wangu ana muuzaji wake mmoja tu anayemwamini kwa sababu bustani yake anaiona.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambako fundi sikubali kuibiwa.

Karakana nina mizani ya kuning'iniza, ile ninayopimia chuma chakavu. Kapu la pili lilipokuja nikalitundika. Toa mayai, toa kikapu chenyewe, mboga na matunda vilikuwa kilo nne na robo. Nikachukua ile karatasi ya hospitali. Gramu 400 kwa mtu, tuko watano nyumbani, siku saba: kilo 14. Najua mtoto wa miaka minane hesabu yake ni ndogo kidogo, lakini nimempa ya mkubwa, anakula kuliko mimi. Maana yake kapu la 35,000 halifiki hata theluthi ya kile ushauri unachotaka nyumbani kwangu. Ili nitimize ningehitaji makapu matatu na kitu, zaidi ya 115,000 kwa wiki, na hapo hujanunua unga, hujanunua maharage, mafuta wala mkaa. Kuna miezi mageti hayaingizi hiyo hata kwa wiki mbili. Wao tangazo linasema watu wawili hadi wanne. Wawili sawa, tena kama mmoja kasafiri.

Kitu cha pili hakipo kwenye tangazo: friji. Yetu ilikufa mwaka jana na maiti yake tunawekea unga. Kapu la wiki nzima bila friji ni kapu la Jumamosi mpaka Jumanne. Letusi ilikuwa ya kwanza kukata tamaa. Kuanzia Jumatano tunarudi genge la kona, mchicha fungu mia tano, matembele, nyanya chungu, kama zamani. Kwa hiyo ile hela ya meza ninayoacha asubuhi, elfu kumi na mbili, haikupungua hata shilingi. Kapu lilikuja juu yake.

Ugomvi wenyewe ni huu. Wiki ya tatu masika yalikuwa yamekasirika, boda akakwama, kapu likafika saa kumi na mbili jioni limeshinda kwenye boksi la plastiki. Stroberi zimeota ndevu. Letusi imelala. Nikapiga picha nikatuma, nikajibiwa, "Mpendwa mteja, mboga ni bidhaa hai." Sawa, ila hiyo yangu ilikuwa imeshafariki. Wiki ya tano hakuna mayai, badala yake zukini zimeongezwa ziwe sita. Mtu akikukosesha yai akakulipa zukini, huo si utani? Niliomba kurudishiwa hela ya mayai, wakaniahidi "tutalifanyia kazi", na mpaka leo wanalifanyia.

Wiki ya sita ilipoisha mke wangu akanyoosha mkono. "Hiyo thelathini na tano ya wiki ijayo, nipe mimi. Na uje, ubebe."

Tukatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, soko la Ilala. Nimeishi Dar miaka yote hii na sikuwahi kwenda pale kununua chakula, nilikuwa napita tu. Kwa wasiojua, pale ukichelewa mpaka saa tatu unanunua kwa bei ya waliowahi pamoja na faida yao. Mke wangu anatembea kati ya magunia kama mkaguzi, hasimami kwa muuzaji wa kwanza, anauliza bei huku anaondoka. Mimi nyuma na mizani yangu mfukoni, wauzaji wakaniogopa wakadhani ni mtu wa vipimo.

Tulichonunua nakiweka hapa ili mtu alinganishe. Kabichi mbili kubwa 3,000. Karoti kilo mbili 3,000. Nyanya za 3,000. Boga zima 2,500, hilo nilibeba kama mtoto. Bamia za 1,000. Maharage kilo mbili 6,000. Dagaa wa Mwanza nusu kilo 4,500. Wa Kigoma tuliwasalimia tu. Ndizi mbivu za 3,000, mapapai mawili 3,000, machungwa kumi 2,000, ndiyo kwanza ya Muheza yameanza kuingia kwa wingi. Jumla 31,000. Nauli ya daladala ya watu wawili kwenda na kurudi, na konda aliyelitoza gunia kama abiria, 3,000. Ikabaki elfu moja. Mke wangu akaninunulia kahawa chungu. Kashata niliikataa, na roho iliniuma.

Nyumbani nikatundika tena. Mboga na matunda, bila maharage wala dagaa, kilo kumi na nane na nusu. Toa maganda na mbegu, lile boga linakula uzito sana, bado hatukupungua kilo 14 za karatasi. Hela ile ile. Na ndani yake kulikuwa na chakula cha ile robo ya sahani, maharage na dagaa, ambayo kapu lilinipa mayai sita na mbegu za chia za kumwagia sijui wapi. Dagaa unamla na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo chokaa ya mifupa yako. Vitu kama kabichi, boga na karoti vinakaa wiki bila friji, mke wangu hakuchagua kwa bahati. Majani mabichi yanabaki kazi ya genge, kila siku fungu lake.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri, baba mjinga, mama mwerevu, soko limeshinda. Siyo hivyo.

Wiki iliyofuata hatukwenda Ilala. Sikuwa na thelathini na tano kwa pamoja. Nilikuwa na geti moja mteja amelipa nusu, hela ikaja Jumatatu elfu kumi, Alhamisi elfu ishirini. Kwa hela ya namna hiyo hununui boga zima wala kilo mbili za maharage. Unanunua genge: nyanya fungu, mafuta ya kupima ya mia tano, vitunguu viwili, maharage robo. Kila kimoja kina faida ya dada wa genge juu yake, na simlaumu, yeye ndiye aliyeamka saa tisa kwenda Ilala badala yangu. Lakini kwa mwezi tunanunua ghali kuliko mwenye gari anayejaza buti mara moja. Mke wangu analijua hili miaka yote. Mimi nililijua baada ya kushika daftari lake. Yule binti wa lishe alinihesabia makundi sita, hakunihesabia siku za wiki.

Na mkaa. Karatasi inasifia maharage kwamba ni ya bei nafuu, na ni kweli, nusu kilo 1,500. Yachemshe sasa. Saa mbili jikoni, mkaa unaokaribia bei hiyo hiyo. Maharage tunayanunua mara mbili, mara ya kwanza dukani na mara ya pili jikoni. Kuloweka usiku kunasaidia, tunaloweka. Shemeji yangu wa Kimara ana jiko la presha la umeme, siku moja tukapika kwake maharage hayo hayo, nikasimama mbele ya mita yake ya luku kama nasubiri matokeo ya mtihani. Haikufika nusu uniti. Hata kwa anayelipa bei ya juu, ile ya zaidi ya 350 kwa uniti, hiyo haifiki mia mbili. Mwenye kutumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, ambaye analipa 100 kabla ya kodi na makato, ndiyo kabisa. Nikaulizia jiko lenyewe Kariakoo: laki na sabini. Nikarudi nyumbani nikaloweka maharage. Serikali ina mkakati uliozinduliwa 2024, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi ombi langu dogo, waliochora ile sahani na walioandika mkakati huo wakae meza moja, maana wanaongelea sufuria moja.

Matunda ndiyo yanatushinda hasa. Mboga si tatizo, mji huu una majani ya kula kila kona, hata kisamvu cha uani kipo. Tunda ni jingine. Tunda halishibishi, na mama mwenye elfu tatu mkononi na watoto watatu haanzi na tunda. Kwetu limekuwa kitu cha msimu: embe Desemba zikiwa zinagombaniwa na nzi, machungwa katikati ya mwaka, papai likiwa na bei ya kibinadamu. Ndizi mbivu moja moja katikati. Tofaa za kapu, watoto walizipenda kuliko kitu chochote, na ndizo siwezi kuwanunulia tena.

Mwanangu wa kidato cha nne alinisomea kwenye simu kwamba ripoti ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na wenzake inasema mwaka 2024 watu bilioni 2.6 duniani hawakumudu gharama ya mlo wenye afya. Mama yake, bila kuinua kichwa kwenye kisamvu anachotwanga: "Wangapi hao ni wa Tabata?"

Kuhusu mama lishe wangu. Nilimwomba anigeuzie sahani, wali kidogo, mchicha na maharage vingi, nikidhani itakuwa bei ile ile, hata nafuu, si napunguza wali? Akanicheka. "Fundi, wali ndio wa kushibisha, mboga inasindikiza tu. Ukitaka msindikizaji awe bwana harusi, ongeza mia tano." Nimeongeza. Tangu nianze maisha haya sijakutana na mtu aliyenieleza bei ya ile sahani ya karatasi vizuri kuliko yeye. Soda nimeacha, ile hela ya soda ndiyo inalipa mia tano na chenji inabaki. Mafundi wenzangu wawili nao wameanza kuagiza "sahani ya fundi", sasa anakaanga mchicha sufuria mbili.

Kwa hiyo kapu. Kama mko wawili, mna friji inayofanya kazi, mnarudi nyumbani saa mbili usiku na hamna wa kumtuma sokoni, lichukue, ila wapigie simu kabla uwaambie hutaki seleri, na usilipe mwezi mzima mbele. Karoti na mayai utafurahi. Kama una familia na hela yako inakuja kwa vipande kama yangu, hilo kapu utakula wewe peke yako na utaona aibu. Nyota mbili kati ya tano, na nusu ya yule kijana wa boda. Ilala alfajiri naipa nne, ya tano wameikosa kwa vyoo na lile tope la upande wa kushukia mizigo. Dada wa genge simpi nyota, nadaiwa naye elfu nne.

Sukari yangu imeshuka, daktari ameridhika, lakini dawa nakunywa kama kawaida, mtu asije akasema nimesema kabichi inatibu.

Jumamosi iliyopita kampuni ilinitumia ujumbe: "Tumekukumbuka! Rudi upate punguzo la asilimia 10." Mke wangu akausoma juu ya bega langu, akakaa kimya kidogo.

"Waulize," akasema, "kama wanauza zile karoti peke yake."

Nimeuliza. Hawajajibu bado.